Lori la zamani lisilovuta: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kuigusa pampu

Lori likianza kushindwa mlima ambao lilikuwa likiupanda bila shida, mara nyingi mtu wa kwanza kuitwa ni fundi wa pampu ya dizeli, na jambo la kwanza kufanywa ni kugusa skrubu ya pampu ili dizeli iongezwe. Utaratibu huo unaanzia mwisho. Dizeli inayoongezwa bila hewa ya kuiunguza haigeuki kuwa nguvu, bali inakuwa moshi mweusi na joto, na joto hilo ndilo linaloyeyusha vichwa vya pistoni na kuua turbo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Pampu ni kifaa cha gharama kubwa kuliko karibu kila kitu kingine kinachoweza kupunguza nguvu ya injini, na ndiyo maana inapaswa kuwa ya mwisho kufunguliwa.

Mwongozo huu unahusu malori ya dizeli yenye pampu ya kimakanika, yaani yale ambayo hayana kompyuta ya kuongoza mafuta. Mfano unaotumika ni Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33 ya lita 4.2 isiyo na turbo, pamoja na ndugu yake 4D34 ya lita 3.9 yenye turbo, kwa kuwa ni injini ambazo mafundi wengi wa Tanzania na Kenya wamezishika. Anayehudumia Isuzu, Hino au Scania 113 anaweza kufuata mpangilio huu huu, ila vipimo avichukue katika kitabu cha injini yake.

Injini ya dizeli hutaka mambo manne ili itoe nguvu: hewa ya kutosha, dizeli safi ya kutosha, kompresheni nzuri (yaani hewa kubanwa sawasawa ndani ya silinda), na dizeli kupulizwa kwa wakati wake. Ikikosa mojawapo, italegea. Lakini kabla ya hayo manne kuna uwezekano kwamba injini ni nzima na nguvu yake inapotelea njiani, na huko ndiko tunakoanzia baada ya kumsikiliza dereva.

Hatua ya 1: Mhoji dereva

Maswali ya maana si mengi. Je, nguvu ilipotea ghafla au ilipungua kwa miezi? Ilitokea baada ya kujaza mafuta kituo fulani, baada ya kubadilisha filta, au baada ya pampu kufunguliwa? Lori linakosa nguvu tangu linapowashwa, au linaondoka vizuri kisha linalegea baada ya muda, na likipumzishwa linapata nafuu? Jibu la swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu injini inayopona kwa kupumzishwa kwa kawaida inanyimwa mafuta kutoka kwenye tenki, wakati injini iliyochoka ringi au valvu haiponi kwa kupumzika.

Uliza pia kuhusu njia. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Canter ya 4D33 inayotoka Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, ikapanda mlima Kitonga na kufika Mbeya, mji ulio kwenye mita zipatazo 1,700, itakuwa dhaifu kidogo na moshi wake utakuwa mweusi zaidi hata kama haina ugonjwa wowote. Dereva mgeni wa njia hiyo anaweza kukuletea lori zima akidai ni bovu. Turbo inayofanya kazi hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo ikiwa lori lenye turbo linalegea nyanda za juu kuliko lenzake lisilo na turbo, tayari una pa kuanzia.

Hatua ya 2: Hakikisha nguvu haipotei kwenye breki na klachi

Endesha lori kilomita chache kwenye barabara tambarare bila kutumia breki kwa nguvu, kisha simama na upitishe kiganja karibu na kila ngoma ya breki bila kuigusa. Ngoma moja ikiwa ya moto kuliko zenzake, breki ya gurudumu hilo inashika. Kagua pia upepo wa matairi na uzito halisi wa mzigo, kwa sababu yapo malori yanayopelekwa gereji kwa kosa la kubebeshwa tani mbili zaidi ya wiki iliyopita.

Klachi hupimwa barabarani. Lori likiwa kwenye gia ya juu na mwendo wa wastani, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mlio wa injini ukipanda na mwendo ukabaki ulipo, sahani ya klachi inateleza, na hakuna kazi ya injini itakayoondoa tatizo hilo.

Hatua ya 3: Fuata pedali ya mafuta hadi kwenye pampu

Hatua hii huchukua dakika tano na hurukwa karibu kila mara. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho na mwingine aangalie mkono wa mafuta ulio kwenye pampu. Mkono huo lazima ufike na kugusa skrubu ya kikomo. Waya ulionyooka kwa uzee, zulia lililojikunja chini ya pedali au kiungo kilicholika vinatosha kuacha nafasi kati ya mkono na kikomo, na dereva akadhani amekanyaga mafuta yote kumbe pampu inapewa robo tatu. Angalia vilevile mkono wa kuzima injini: ukibaki umevutwa kidogo kwa sababu waya wake au mota yake imekwama, pampu inabanwa muda wote lori likitembea.

Injini ya 4D33 hufikia nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 3,200 kwa dakika. Ikiwa haina mzigo, imeshapata joto na pedali imekanyagwa yote, inapaswa kuuvuka mzunguko huo. Ikishindwa, chanzo kipo katika hatua hii au katika mtiririko wa dizeli.

Hatua ya 4: Soma moshi

Moshi unasomwa lori likiwa na mzigo na likipanda, kwa kuwa injini inayounguruma bure gereji hutoa moshi usiosema mengi. Mpe mtu mwingine usukani, kisha uuangalie moshi kutoka nyuma au kwenye kioo cha pembeni.

Lori lisilo na nguvu na lisilotoa moshi linanyimwa dizeli, na kazi yako ni hatua ya 6. Kwenye injini ya turbo, kuna sababu nyingine ya kulegea bila moshi ambayo inafichika kweli kweli. Pampu nyingi za injini hizo zina kifaa kinachoongeza dizeli pale tu shinikizo la turbo linapoongezeka, na habari ya shinikizo hilo hukifikia kwa mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda. Mpira huo ukipasuka, ukichomoka au ukiziba kwa oili iliyoganda, pampu huamini kwamba turbo haifanyi kazi na hubana dizeli, huku turbo yenyewe ikiwa nzima. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo kuliko chakula cha mchana.

Moshi mweusi mzito huonyesha kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa, ama kwa sababu hewa imepungua, ama kwa sababu nozeli, yaani vipulizia dizeli vya kila silinda, zinamwaga badala ya kupuliza. Moshi mweupe wenye harufu kali inayochoma macho ni dizeli isiyoungua. Asubuhi ya baridi ya Njombe au Limuru si ajabu, lakini ukiendelea injini ikiwa na joto, shuku taimingi ya pampu (wakati wa kupuliza dizeli), nozeli au kompresheni. Moshi mweupe usio na harufu hiyo, unaoambatana na maji kupungua kwenye radieta, ni mvuke, na hapo gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kuchunguzwa. Wa bluu ni oili, ambayo hutokea kwenye ringi, kwenye mihimili ya valvu au kwenye turbo.

Hatua ya 5: Hewa inavyoingia na moshi unavyotoka

Toa filta ya hewa, weka taa ndani yake na uangalie kutoka nje. Mwanga usipopenya sehemu kubwa ya karatasi, filta imekwisha. Kupulizwa kwa kompresa kunaweza kuiongezea siku, lakini upepo mkali hutoboa karatasi, na filta iliyotobolewa hupitisha vumbi linalosaga silinda na ringi. Mwenye lori linalokwenda kwenye barabara za vumbi ataokoa fedha nyingi zaidi kwa kununua filta mpya mapema kuliko kwa kuipiga piga ya zamani kwenye tairi.

Baada ya filta, kagua mipira yote ya hewa hadi kwenye manifoldi, na usiridhike na sura ya nje. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima huku ngozi yake ya ndani imebanduka, ikawa inavutwa na kuziba njia kila injini inapopandishwa mzunguko. Ingiza vidole ndani. Mwambie pia mwenzako akanyage mafuta huku ukiutazama mpira ulio kabla ya turbo. Mpira ukinywea ndani, filta au njia ya hewa imeziba. Kwenye upande wa baada ya turbo, tafuta alama za oili iliyoshikana na vumbi kwenye maungio, kwa sababu huko ndiko hewa yenye shinikizo inakovujia, na mara nyingi dereva atakuwa tayari amesikia mlio wa kufoka akipanda mlima.

Turbo yenyewe hukaguliwa injini ikiwa imezimwa na imepoa. Ondoa mpira wa kuingizia hewa na uzungushe shafti kwa kidole. Iwe nyepesi, mabawa yasiwe yamelika ncha wala kuigusa nyumba yake. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, lakini shafti isisikike ikienda mbele na nyuma.

Sasa geukia ekzosi, na hapa pana mtuhumiwa ambaye hupita bila kuulizwa. Canter nyingi zina breki ya ekzosi, yaani kipepeo cha chuma kilicho ndani ya bomba la moshi, kinachofungwa dereva anapoivuta swichi ili injini ilizuie lori kwenye mteremko. Kipepeo hicho hukaa kwenye joto na masizi kwa miaka, mhimili wake hushika kutu, na siku moja hukataa kurudi wazi kabisa baada ya kutumika. Injini inabaki ikipumua kwa pua moja: mlio wa ekzosi unakuwa mzito na wa kuzibwa, joto linapanda, na nguvu inakuwa imepotea ghafla, mara nyingi baada ya mteremko mrefu. Lala chini ya lori, tafuta mkono mdogo ulio ubavuni mwa bomba, na umwambie dereva awashe na kuzima swichi injini ikiwa inanguruma. Mkono lazima urudi hadi mwisho wake kwa haraka. Ukichelewa au ukisimama katikati, ondoa mpira unaouendesha, usukume mkono hadi kwenye hali ya wazi, ufunge kwa waya, kisha jaribu lori kwenye kilima kifupi. Nguvu ikirudi, umepata jibu. Usimruhusu dereva kushuka mlima mrefu na mzigo katika hali hiyo, kwa kuwa lori limebaki na breki za miguu peke yake.

Sailensa iliyovunjika ndani huleta dalili zinazofanana. Igonge kwa nyundo ya mpira ikiwa imepoa na usikilize mabati yanayocheza.

Hatua ya 6: Dizeli kutoka tenki hadi pampu

Hii ndiyo hatua inayotatua malalamiko mengi kuliko nyingine zote, na ina sehemu nyingi za kuchunguza, kwa hiyo ni vizuri kwanza kuigawa njia kwa jaribio moja. Chukua dumu safi la dizeli safi, lifunge imara mahali palipo juu kidogo ya pampu na mbali na ekzosi, kisha unganisha mpira kutoka kwenye dumu hadi kwenye pampu ndogo ya kuvuta, ile iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa. Toa upepo kwa pampu ya mkono, kisha endesha lori kwa umbali mfupi kwenye mlima unaojulikana. Likivuta vizuri, kosa liko kati ya tenki na pampu ndogo. Lisipobadilika, kosa liko mbele ya hapo: pampu ndogo, filta, au pampu kubwa na nozeli.

Kosa likiwa upande wa tenki, anza na kifuniko. Tenki lazima livute hewa kadiri dizeli inavyotoka, na tundu la kupumulia likizibwa na tope, pampu hupambana na mvuto unaoongezeka kila kilomita. Fungua kifuniko mara tu lori linapolegea. Ukisikia tenki likivuta pumzi, umemaliza. Kisha angalia ndani ya tenki. Kipande cha nailoni au tambara kilichodumbukia huko hunyonywa hadi kwenye mdomo wa bomba la kuvutia, kikauziba, injini ikalegea. Injini ikizimwa kinaachia na kuelea, na dereva akiwasha baada ya nusu saa anakuta lori zima. Gari la namna hii linaweza kuzunguka gereji kwa miezi kwa sababu halioneshi ugonjwa mbele ya fundi.

Upepo unaoingia kwenye njia ya kuvutia nao ni mgumu kuuona, kwa kuwa upande huo hauvuji nje lori likitembea, bali hunyonya ndani. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla tu ya pampu ndogo, washa injini na uangalie. Viputo vinavyopita mfululizo baada ya dakika chache maana yake kuna ungio linalonyonya, na mara nyingi ni washa za shaba zilizorudishwa zile zile baada ya kufunguliwa, mpira uliopasuka chini ya klipu, au kifuniko cha chujio la maji kisichokaa vizuri. Badilisha washa kila unapofungua.

Ikiwa jaribio la dumu halikubadilisha kitu, fungua bolti yenye tundu inayoingiza dizeli kwenye pampu ndogo. Ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu, si kikubwa kuliko ncha ya kidole, ambacho wengi hawajui kama kipo, na ambacho huweza kufunikwa na uchafu mweusi hata pale filta kubwa inapobadilishwa kila mara. Kioshe kwa dizeli safi na ukirudishe. Kukitupa ni kuziacha valvu za pampu ndogo zipokee takataka zote. Baada ya hapo badilisha filta ya dizeli, na uhakikishe kishikio cha pampu ya mkono kimekazwa hadi chini. Mwisho kabisa, angalia valvu ya kurudishia dizeli iliyo kwenye pampu kubwa. Springi yake ikichoka, au mtu akiwa ameweka bolti ya kawaida mahali pake, dizeli hurudi tenki kirahisi na shinikizo ndani ya pampu hushuka, hivyo kila silinda hupata kidogo kuliko inavyostahili.

Kuhusu dizeli yenyewe, jaza kiasi kwenye chupa ya kioo na uiache usiku kucha. Maji na tope vitatua chini. Mafuta ya taa yaliyochanganywa humo hutayaona kwa macho, na ndiyo sababu Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 ili waliochakachua wagundulike kwa kipimo. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, kwa hiyo hula pampu na nozeli polepole, na dereva anayenunua kwenye madumu ya kando ya barabara kwa bei nafuu atakuja kulipa tofauti hiyo kwa fundi pampu.

Hatua ya 7: Nozeli

Injini ikiwa inanguruma taratibu, legeza nati ya paipu ya nozeli moja kwa wakati, kisha uikaze kabla ya kwenda kwenye nyingine. Silinda nzima ikikatwa dizeli, mzunguko wa injini hushuka na mtetemo huongezeka waziwazi. Silinda ambayo kukatwa kwake hakubadilishi kitu haichangii nguvu. Vaa miwani, weka tambara juu ya nati, na usiweke kiganja mbele ya dizeli inayofoka kwa shinikizo: dizeli hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake, hata likionekana dogo kama tundu la sindano, ni la kukimbiziwa hospitali siku hiyo hiyo.

Ukishajua silinda mbovu, hamishia nozeli yake kwenye silinda jirani ukitumia washa mpya. Ubovu ukihama pamoja na nozeli, umeupata. Ukibaki pale pale, tatizo ni kompresheni au sehemu ya pampu inayolisha silinda hiyo. Nozeli zote zipimwe kwenye mashine ya mkono: zifunguke kwa shinikizo lililoandikwa kwenye kitabu, zipulize ukungu wa pande zote, wala zisidondoshe tone baada ya kupuliza.

Hatua ya 8: Valvu, kompresheni na taimingi

Rekebisha nafasi za valvu kwanza, kwa kuwa valvu isiyofunga vizuri huiba kompresheni na kukupa kipimo cha uongo. Kwa 4D33 nafasi ni milimita 0.4 injini ikiwa baridi, kwa valvu za kuingiza na za kutoa pia. Kisha washa injini, fungua kifuniko cha oili na uangalie pumzi. Mvuke kidogo ni wa kawaida, lakini moshi unaotoka kwa mapigo na kukisukuma kifuniko unaonyesha ringi na silinda zilizochoka. Thibitisha kwa geji ya kompresheni ya dizeli, nozeli zote zikiwa nje na betri ikiwa na nguvu. Geji ya petroli haifai, kwa kuwa injini hizi huvuka bar 20. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko namba moja moja.

Taimingi huangaliwa zaidi pale ambapo pampu iliwahi kutolewa. Linganisha alama ya pampu na alama ya injini, na kagua bolti za kushikia pampu. Dizeli ikichelewa, injini hulegea, ekzosi huchemka na moshi mweupe huzidi asubuhi. Ikiwahi, injini hugonga kwa sauti kali.

Hatua ya 9: Pampu

Ukifika hapa bila jibu, pampu ishushwe na ipelekwe kwenye benchi ya kupimia, pamoja na nozeli zake. Omba upewe karatasi yenye kiasi cha dizeli kinachotolewa kwa kila silinda kabla na baada ya matengenezo. Fundi anayekataa kukuonyesha vipimo vya kabla hana namna ya kujua alitengeneza nini. Skrubu ya kikomo irudishwe kwenye kipimo cha kitabu na ifungwe sili mbele yako, hata kama dereva anabembeleza aongezewe kidogo. Pampu inaporudi kwenye injini, imiminie oili safi ya injini kwa kiasi kilichoelekezwa kabla ya kupiga stata, kwa sababu pampu za aina hii hulainishwa na oili ya injini, na ile iliyotoka kwenye benchi huweza kuwa kavu.